MAARIFA YA NYUMBANI: Utando wa Sabuni Bafuni

Katika bafu nyingi huonekana utando mweupe uliogandamana na kuta, usiotoka kwa maji matupu. Mwenye nyumba auonapo humlaumu mkewe au mtumishi kwamba ni mvivu. Lawama hiyo si ya haki, kwani utando huo hauletwi na uvivu. Huletwa na sabuni yenyewe ikutanapo na maji magumu.

Maji yapitayo katika mawe ya chokaa huchukua madini ya kalsiamu na magnesiamu. Sabuni ya mche, ambayo hutengenezwa kwa mafuta, ikikutana na madini hayo hugeuka kuwa kitu kisichoyeyuka, nacho hushika ukutani na sakafuni. Ndiyo sababu watu wa pwani ambao visima vyao vimechimbwa katika mawe ya matumbawe huona sabuni haifanyi povu upesi, tena huisha mapema. Mtu aogaye kwa maji ya mvua hapati taabu hiyo, kwa kuwa maji yake hayakupita katika mawe.

Mtu asiseme kuwa utando ni jambo la sura tu. Sakafu yenye utando huteleza, na mzee akianguka juu ya sementi aweza kuvunjika nyonga.

Dawa yake ni vitu vya jikoni. Chukua siki nyeupe na maji ya moto, sawa kwa sawa, utie na sabuni kidogo ya maji ya kuoshea vyombo. Paka ukutani, uache kwa muda wa nusu saa, kisha sugua kwa brashi na kusuuza kwa maji mengi. Uchachu wa siki huvunja chokaa, na sabuni ya vyombo huchukua mafuta yaliyobaki. Asiye na siki na atumie maji ya ndimu. Lakini siki isipakwe juu ya marumaru, terazo wala sementi tupu, kwa maana huvila vitu hivyo. Hapo tumia sabuni ya vyombo na magadi ya unga yatumiwayo katika kuoka mikate.

Wako watu wamwagao siki na magadi pamoja, wakafurahi kuona povu likichemka. Povu hilo ni hewa tu. Siki na magadi vikichanganywa huondoleana nguvu, wala hakibaki kitu cha kusafisha ila maji ya chumvi. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Kila kimoja kitumiwe kwa zamu yake.

Lililo kubwa kuliko yote ni hili. Dawa ya kung'arisha nguo, kama vile Jik, huua kuvu na kufanya mahali peupe, lakini haiyeyushi utando wa sabuni. Mtu aonapo imeshindwa, huongeza siki juu yake, au dawa kali ya choo, akidhani nguvu mbili zitashinda moja. Hapo hutoka hewa ya klorini. Hiyo ndiyo hewa ya sumu ambayo majeshi ya Ujerumani yaliwapelekea adui zao karibu na mji wa Ypres, nchini Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Bafu ni chumba kidogo, na dirisha lake mara nyingi ni dogo pia. Vilevile dawa hiyo isichanganywe na kitu chenye amonia. Mtu akisikia harufu kali ya kuchoma pua na macho, asikae kusuuza. Atoke nje upesi, na kama pumzi inambana apelekwe hospitali.

Na penye shawa ya umeme, zima swichi kabla ya kuigusa kwa maji au brashi.

Baada ya kazi hiyo, kuzuia ni rahisi kuliko kusugua. Kila aogaye na apanguse ukuta kwa kitambaa kabla ya kutoka, na mlango uachwe wazi ili pakauke. Ni kazi ya dakika moja, hata mtoto aweza kuifanya. Na chupa za dawa ziwekwe juu, mbali na watoto, kila moja katika chupa yake yenye jina lake; zisitiwe kamwe katika chupa za soda.