Muuguzi mtu mzima si debe tupu

Hebu mfikirie muuguzi wa Ruiru aliyezalisha akina mama kwa miaka 15, kisha akapanda matatu hadi Thika kusomea diploma. Darasani anaambiwa anyamaze, anakili yaliyo ubaoni. Je, hiyo ni haki?

Mwaka 2005, shirika la AMREF likishirikiana na Baraza la Wauguzi la Kenya lilianzisha masomo kwa njia ya kompyuta, ili maelfu ya wauguzi wenye cheti wapate diploma bila kuacha kazi. Mtu mzima aweza kujisomea, mradi apate wa kumwelekeza.

Wapo wakufunzi wanaohofia kwamba mwanafunzi akiuliza sana, heshima yao itashuka. Wengine husema silabasi ni ndefu na mtihani wa Baraza hausubiri. Hoja hiyo ina uzito. Lakini saa nane za usiku wodini, mama akivuja damu baada ya kujifungua, mwalimu hayupo. Muuguzi lazima afikiri mwenyewe, na kufikiri hakuji kwa kukariri.

Ewe mkufunzi, anza somo kwa kuuliza: "Wewe kazini hufanyaje?" Utafunza, nawe utajifunza. Atakayefaidi ni mgonjwa.