Nani Aliyeiharamisha Figo ya Ndugu?



Ndugu Waislamu wa Kiwira na Tukuyu, mgonjwa wa figo anapotangazwa baada ya swala ya Ijumaa, mikono yetu huwa myepesi kutoa nauli. Lakini daktari akisema kinachohitajika ni figo ya ndugu, ndimi huwa nyepesi zaidi: “Haramu! Mwili ni amana.” Tunauliza: kwa dalili ipi?

Wapo wanavyuoni waliokataza, kama Sheikh Shaarawi wa Misri, nasi tunawaheshimu. Lakini Baraza la Wanavyuoni Wakubwa la Saudi Arabia liliruhusu mwaka 1982, na Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, Jeddah, Februari 1988, ikaruhusu kwa masharti: mtoaji awe mtu mzima mwenye akili timamu, atoe kwa hiari, maisha yake yasiharibike, na kiungo kisiuzwe.

Wengine hushika hadithi ya kuvunja mfupa wa maiti. Hadithi hiyo inalinda heshima ya maiti. Ndugu aliye hai, anayetoa kwa ridhaa yake ili kuokoa, anaingiaje humo? Na ikiwa mwili ni amana, mali nayo ni amana, wala hakuna aliyesema kutoa sadaka ni khiyana. Aya ya 32 ya Suratul Maidah imekwisha kutufundisha uzito wa kuihuisha nafsi moja.

Zamani wagonjwa wetu walipelekwa India. Novemba 2017 Hospitali ya Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini, ikisaidiwa na madaktari wa India. Machi 2018 ikafuata Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, kwa msaada wa Wajapani. Binadamu ana figo mbili, na mwenye afya aliyepimwa huweza kuishi kwa moja. Mashine ya kusafisha damu humngojesha mgonjwa, haimrudishii figo. Hospitali zipo; ndugu yuko wapi?

Asiyetaka kutoa halaumiwi, kwani hiari ni sharti. Anayelaumiwa ni yule anayeificha hofu yake nyuma ya Sharia. Na sisi walimu wa madrasa tulionyamaza tunalaumiwa zaidi. Kabla ya kusema “haramu”, tuwaulize wanavyuoni na madaktari. Mgonjwa anasubiri.