Telefone ilitoka, na kobalti yetu iko wapi?

Tarehe 9 ya mwezi wa tisa 2025, magaribi, saa ile bukari ilikuwa inageuzwa mu nyumba nyingi za Kolwezi na Likasi, kampuni Apple ilikuwa inaonyesha telefone zake za mwaka ule kule Cupertino, Marekani. Siye tuliangalia ku telefone ya mwenzetu mumoja wa kazi, watu wanne ku kioo kimoja, na mara mbili mega zikaisha. Kama kuna kitu tulikosa, mutusamehe.

Tuanze na ile yenye makelele mingi, iPhone Air. Unene wake ni milimita 5,6. Kalamu ya Bic ni nene kuliko hiyo. Bei ilikuwa dola 999 kule Marekani wakati ilitoka, mbele ya douane, mbele ya mwenye duka kuongeza yake. Mutu anayelipwa dola 300 kwa mwezi atatumika miezi mitatu na zaidi bila kula, bila kulipa nyumba, bila minerval ya watoto. Na akiisha kuilipa, ataogopa kuitia mu mufuko wa suruali.

Lakini si bei ilitushitusha. Telefone ile haina fasi ya kutia kadi. Hata moja! Kadi yake iko ndani ya mashini, haishikwake na mukono, wanaiita eSIM. Huku kwetu mutu mwenye heshima iko na kadi mbili, kwa kuwa mushahara unaingia ku moja na mama mukwe anapiga ku ingine. Wale wanaohangaika sana wako na tatu. Mwenzetu mwenye telefone akasema: "Ile ni telefone ya mutu mwenye hana bandugu." Apple wanasema mutu anaweza kuandikisha namba zaidi ya moja mule ndani. Muzuri. Lakini siku telefone itaanguka mu maji, utatoa kadi gani ukaitie ku ya jirani?

Wale wa Tecno nao hawakulala. Mwezi ule walitoa Pova Slim, yenye haifike milimita 6. Tecno ni ya Transsion, kampuni ya Shenzhen mu Chine yenye kuuza telefone nyingi kupita wengine wote mu Afrika, na yenye kujua tangu zamani kama watu wa huku wanataka kadi mbili na batri ya kukaa. Kwa hiyo mashindano ya mwaka ule yalikuwa ya wembamba. Siye tulizani watu wanaombaka batri nene.

Kuna ingine, iPhone 17 Pro, dola 1.099 wakati ilitoka. Rangi yake mupya ni orange, orange kabisa, kama gile ya kazi ku mine. Mulume akiivaa wakati anaenda ku poste ya usiku, bibi hataona kama iko na telefone mu mukono.

Vile vya kutia mu masikio, AirPods Pro 3, dola 249 wakati vilitoka, vinatafsiri luga papo hapo: mwenzako anasema Kiingereza, wewe unasikia Kifaransa. Kichina waliahidi mbele ya mwaka 2025 kuisha. Hapo tuliinua kichwa. Munajua mashimo ngapi za Lualaba ziko na chef anayesema Kichina, na mutumishi anayejibu "oui, chef" bila kusikia hata neno moja? Kule kusikilizana ni maneno ya usalama, si ya starehe. Bahati mbaya, Kiswahili hakikuwamo mu ile liste. Chef atasikia Kifaransa, na Kifaransa cha ku shimo munakijua.

Saa ya mukono, ile ya Series 11, inapewa kazi ya kuangalia damu kwa siku 30, kisha inaonya mwenye kuivaa kama kuna dalili za tension. Haipime tension vile muganga anapima na kitambaa ku mukono. Inasema tu: nenda ukajipimishe. Hiyo tunaipenda, juu baba wengi wa kambi wanatembea na tension bila kujua. Centre de santé nayo inapima, na haiombe saa ya Marekani. Saa ingine, Ultra 3, inaweza kuomba musaada kwa setelite mahali hakuna réseau. Kwa wale wanaoshuka chini ku Kamoto ao ku Kipushi haitasaidia kitu: setelite haionake kupitia jiwe. Mukamate taa yenu vile vile.

Mu Berlin, maonyesho ya IFA yaliisha siku ile ile. Kule walileta roboti za kufagia nyumba zenye kupanda ngazi peke yao. Tunazialika Kolwezi mwezi wa tisa, mbele mvua haijaanza. Siku mbili tu na zitaomba congé.

Neno moja kwa wale wa fotokopi na wenye ordinateri za zamani: tarehe 14 ya mwezi wa kumi 2025 Microsoft iliacha kutengeneza Windows 10. Mashini haikufa siku ile. Inabakia kutumika, lakini bila kinga mupya ya kawaida zidi ya wezi wa intaneti. Mutu akija kuwaambia kama itazimika na anaomba feza kwa kuiponyesha, mumusindikize ku mulango.

Sasa tuje ku ile njo ilitufanya tuandike. Mu mwaka 2023 Apple ilitangaza kama kufika 2025, kobalti yote mu batri walizochora wenyewe itakuwa ya zamani, yaani ile ya kutoa mu vitu vilivyokufa na kusafisha tena. Mwaka wenyewe ulikuwa ule ule. Kwa maneno yao, basi, ile telefone nyembamba haiombe kitu ku shimo letu. Tulicheka kidogo. Hiyo kobalti ya zamani ilizaliwa wapi? Zaidi ya sehemu mbili kwa tatu ya kobalti inayochimbwa mu dunia inatoka mu Congo. Nyingi ni mutoto wa hapa aliyeenda Ulaya na kubadilisha jina.

Lakini kucheka hakutoshe. Mu magari ya umeme pia, BYD na wengine wa Chine wanatia batri za chuma na fosfati, bila kobalti hata kidogo. Tesla nayo inazitia mu magari yake mengine. Shaba bado wanaitaka, tena gari ya umeme inakula shaba nyingi kupita ya mazutu. Kobalti njo inatafutiwa njia ya kuepukwa.

Na siye? Tarehe 22 ya mwezi wa pili 2025, Serikali ilisimamisha kutosha kobalti inje, kwa kuwa ilijaa mu soko na bei ikaanguka chini sana. Mu mwezi wa sita ARECOMS ikaongeza miezi mitatu. Hatuseme ilikosea. Mama yeyote wa soko anajua kama nyanya zikishuka zote siku moja, jioni anaziuza bure, na bei ya kobalti ilipanda kweli. Tuliuliza nani alibeba uzito wa kungoja. Kampuni kubwa iko na depo ya kulundika idroksidi, na ilikuwa na shaba ya kuuza wakati ule. Mwenye kuchimba na mikono hana depo. Shofere wa lori ya Kasumbalesa hana depo. Mama anayeuza sombe ku mulango wa mine hana. Na redevance ya kobalti, ile 10%, yenye 15% yake inarudi ku commune na secteur, inakuja wakati mali inauzwa. Mali ikilala, madawati ya masomo nayo yanalala.

Tuliomba vitu viwili. Uamuzi wa mwezi ule wa tisa utangazwe mbele ya siku ya mwisho, si usiku wake, na uelezwe mu Kiswahili ku radio za Lualaba na Haut-Katanga. Tena, kama watagawanya hesabu ya kutosha inje, sehemu ya wachimbaji wa mikono iandikwe wazi. EGC iliundwa mu 2019 kwa kununua kobalti yao, na wakati ule wao walikuwa bado wanangoja.

iPhone ziliingia mu maduka tarehe 19 ya mwezi wa tisa 2025. Ile miezi mitatu iliisha siku chache nyuma yake. Mulongo wetu siye ulikuwa ku ya pili.