Repetitere wa mtoto wako, unamujua?

Wananchi wenzetu wa Bunia, wa Kilo, wa Mongbwalu, na ninyi wote muko mbali na watoto wenu juu ya kazi ao juu ya vita,

Kila mara ENAFEP na Exetat zinapokaribia, wazazi wanaanza kukimbia huku na huku kutafuta mwalimu wa nyumbani, ule tunamwitaka repetitere. Tumeulizwa: "Ninyi vijana wa barabarani, munaopiga kelele juu ya usalama na juu ya bajeti, hii mambo ya repetisyo inawahusu nini?" Inatuhusu. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi katika shule za Leta ni ya lazima na ni ya bure. Mzazi akitoa pesa kila mwezi ili mtoto afundishwe jioni kile hakufundishwa asubuhi, ile ni kodi ya pili, na hakuna mtu aliyeipigia kura.

Tunajua ilianzia wapi. Masomo ya bure yalianza kutumika kweli katika mwaka wa masomo 2019-2020. Ilikuwa jambo jema, na tunaendelea kulitetea. Lakini watoto walijaa katika kalasi, na madawati hayakuongezeka kwa mwendo ule. Walimu wengi, wale wanaoitwa "nouvelles unités", wakabaki wanafundisha bila mshahara wa Leta, wakati ile prime ya wazazi imekatazwa. Mwalimu mwenye watoto wanne na mfuko mtupu, saa nane akitoka kalasini, atafanya nini? Atatafuta mkate. Hatumuchukii juu ya ile.

Tunachokataa ni hiki: mwalimu wa kalasi kufundisha nusu ya somo asubuhi, kisha kuuza nusu ingine jioni kwa watoto walewale. Mtoto ambaye wazazi wake hawana kitu anabaki na nusu. Na yule aliyelipa anapata mapointi mazuri, ambayo hatujui kama yametoka kwa kichwa chake ao kwa mfuko wa papa yake. Kwa hiyo tunasema wazi: usimupe mwalimu wa kalasi ya mtoto wako pesa ya repetisyo. Tafuta mwingine, hata wa shule ya jirani. Katikati yetu tulibishana sana juu ya jambo hili, kwa sababu wenzetu wa Kilo walisema, na ni kweli, kwamba kuna vijiji ambamo mtu anayejua hesabu vizuri ni yule mmoja tu. Basi, kama ni yule mmoja, ifanyike mbele ya macho ya watu: katika kikundi, direktere akijua, komite ya wazazi ikijua, na mlango wazi kwa mtoto asiye na pesa.

Hapa tuseme na wazazi wa Kilo wenyewe. Tangu mauaji yalipoanza tena Djugu mwishoni mwa 2017, wengi wenu mumewatuma watoto Bunia, kwa mjomba, kwa shangazi, kwa mtu wa kanisa. Papa amebaki kwa kariere ya dhahabu, mama amebaki kwa soko. Pesa ya repetitere inapita kwa telefone, na jibu linarudi kwa telefone: "Mtoto anaendelea vizuri." Mwezi wa kwanza vizuri, wa pili vizuri, wa tatu vizuri. Kisha buletini inafika na vizuri haionekani.

Dhahabu hamuinunue bila kuiweka kwa mizani. Kazi ya repetitere pia iko na mizani yake. Omba picha ya kaye kila mwisho wa wiki. Usiangalie kama ni safi, angalia kama kuna makosa yaliyosahihishwa. Kaye isiyo na kosa hata moja inatutia wasiwasi, kwa sababu mara nyingi mkono uliofanya zoezi si wa mtoto. Kisha mupigie mtoto mwenyewe, si mjomba, umuambie akuelezee kwa Swahili kile alichojifunza. Hata kama wewe hukumaliza masomo, utasikia kama anaelewa ao anaimba tu.

Na Swahili hii si jambo dogo. Watoto wengi wa kwetu wanafika shuleni na Swahili, Kilendu, Kihema, Kinyali ao Alur mdomoni, na mtihani unawangoja kwa Kifaransa. Kuna mtoto anayeuza mandazi na kurudisha chenji bila kukosea franga moja, lakini mbele ya karatasi anapata sifuri, kwa sababu hajui neno "reste" linamuomba nini. Hesabu iko anaijua, Kifaransa njo kinamufunga. Repetitere mzuri anachukua bidoni ya mafuta ya lita 20, anamuuliza mtoto lita 5 ni kipande gani cha ile bidoni, wanaongea kwa Swahili mpaka ielewekane, kisha anaandika "un quart" na kumufanya aiseme na kuiandika. Anayefundisha Kifaransa tu kwa kujionyesha, na anayefundisha Swahili tu kwa uvivu, wote wawili watamuangusha mtoto siku ya ENAFEP.

Utamupata wapi? Bunia tuko na wanafunzi wa ISP, ambao kufundisha ni kazi wanayosomea, na wa Université. Kuna pia walimu wa zamani ambao watu wamewasahau. Usimalize mapatano siku ya kwanza. Mupe saa moja na mtoto, wewe ukae pembeni. Mwenye kujua kazi hataanza na somo la leo. Ataanza kutafuta mahali mtoto alipotea njia. Mtoto wa kalasi ya sita anayeshindwa kugawanya, mara nyingi shida yake ni kuzidisha, na iko imelala kule kalasi ya tatu. Anayeahidi mapointi mbele ya kuuliza maswali, muache aende. Na anayekuambia kwamba majibu ya Exetat yatafika katika telefone yake usiku wa mbele ya mtihani, huyo ni muuza udanganyifu, na pesa utakayomupa utanunua nayo aibu ya mtoto wako.

Juu ya wasichana hatutazunguka. Wote tunajua ule mchezo ambao kwa Kifaransa wanauchekea kwa jina la mapointi yanayoambukizwa kwa ngono. Sisi hatuoni cha kuchekesha. Repetisyo ifanyike nyumbani kwa mtoto, kwenye baraza, mtu mzima mwingine akiwa karibu, kamwe si katika chumba cha repetitere. Imalizike mbele ya giza: Ituri iliwekwa chini ya état de siège tarehe 6 Mei 2021, na mpaka leo usiku wetu si wa kumutembeza mtoto. Kama kitu kibaya kimetokea, sheria ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya ubakaji, na ile ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, ziko. Mtu yeyote hajafika miaka 18 ni mtoto. Familia zinazokaa usiku na kumaliza mambo kwa mbuzi na bahasha zinamutafutia yule mtu mtoto mwingine.

Na repetitere naye alipwe. Tunasikiaka wanafunzi wakilia: wamefundisha miezi mitatu, mtihani umepita, papa wa mtoto hachukue tena telefone. Andikeni karatasi moja: siku gani, saa ngapi, franga ngapi, inalipwa tarehe gani. Kila upande ubaki na yake.

Kuna wale ambao hata karatasi hiyo haiwahusu, kwa sababu hakuna cha kuandika juu yake. Watoto wa kambi za wakimbizi wa ndani hapa Bunia, na wale wa Kilo wanaoshinda wakibeba mchanga wa kariere. Kwao tunadai Leta ilipe walimu wote wanaofundisha, bila kubakiza "nouvelle unité" hata mmoja, na tutaendelea kudai mbele ya ofisi zenyewe. Lakini mtoto wa kalasi ya sita hana muda wa kungoja. Kijana uliye na diploma na Jumamosi isiyo na kazi, chagua watoto watano wa avenue yako, uwape saa mbili, bure. Uwaambie wazazi wao na mkubwa wa avenue, mukae nje, mahali kila mtu anawaona. Anzeni na hesabu. Chaki tutagawana. Ubao, hata mlango wa zamani unatosha. Mkeka kila mtu akuje na wake, juu viti hatuna.