Kaseti zinarudi, majina je?

Vijana mliokulia kwenye flashi na simu mtacheka, lakini habari ndiyo hiyo: kaseti zinarudi. Sisemi Kariakoo, nasema Ulaya na Marekani. Kule Uingereza, chama cha makampuni ya muziki, BPI, kilihesabu kaseti 156,542 zilizouzwa mwaka 2020, idadi ambayo haikuwa imefikiwa tangu 2003. Hata Taylor Swift, ambaye hana shida ya hela, anatoa albamu zake kwenye kaseti.

Sasa jiulize, hawa jamaa wananunua nini? Muziki wenyewe wanao kwenye simu. Wapo wanaonunua kaseti na hata redio ya kuichezea hawana! Wananunua kitu cha kushika mkononi na kuweka kabatini. Na plastiki ya kaseti zote inafanana. Kinachotofautisha kaseti moja na nyingine ni kava, ile karatasi inayokunjwa na kuchomekwa ndani ya kasha. Kwa maneno mengine, biashara imehamia kwenye karatasi.

Inatuhusu nini? Inatuhusu sana tu. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, Uganda, ilitoa kwenye kaseti mkusanyiko wa singeli unaoitwa Sounds of Sisso. Sisso ni studio ya Mburahati, Dar es Salaam. Yaani muziki wa vigodoro, ambao wakubwa walikuwa wanauita fujo, umewafikia wasikilizaji wa Ulaya ukiwa ndani ya kitu ambacho sisi tulishakitupa jalalani. Na jina la studio ya uswahilini ndilo jina la albamu. Hilo si jambo dogo.

Nasema si jambo dogo kwa sababu historia yetu ya kava ni ya kusikitisha. Wakubwa wanakumbuka zile kaseti feki zenye kava la fotokopi: sura ya msanii imekuwa doa jeusi, chini yake orodha ya nyimbo, basi. Nani kapiga gitaa? Nani katengeneza mdundo? Studio gani, mwaka gani? Hakuna. Baadaye zikaja CD za kuchoma na MP3, hata hilo doa jeusi likapotea. Ukabaki na faili lisilo na mwenyewe. Spotify, pamoja na ukubwa wake wote, ilianza kuonyesha majina ya watunzi na maprodyuza mwaka 2018 tu.

Tuangalie mfano wa Ghana. Mwaka 2002, Mmarekani anayeitwa Brian Shimkovitz alinunua mjini Cape Coast kaseti ya mwaka 1994 ya msanii anayejiita Ata Kak. Mwaka 2006 akaiweka kwenye blogu yake ya Awesome Tapes From Africa, watu wakaipenda ajabu. Lakini huyo Ata Kak yuko wapi? Ilichukua miaka kumpata, na albamu ikatolewa upya kihalali mwaka 2015. Muda wote huo watu wanacheza, mwenye mali hajui kitu. Huyu angalau alipatikana. Wangapi hawatapatikana kamwe kwa sababu karatasi ilipotea, au haikuandikwa kitu tangu mwanzo?

Kwa sheria tuko vizuri. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyozaa COSOTA, na inampa mtunzi haki ya kutambuliwa kama mtunzi. Lakini haki ya kutambuliwa inaanzia pale unapoandikwa. Ukienda kudai bila hata karatasi moja yenye jina lako, unaanza na maneno matupu.

Hapa ndipo mnapoingia ninyi mnaoshinda mbele ya kompyuta mkitengeneza kadi za harusi na vipeperushi vya shoo. Kutengeneza kava la kaseti si uchawi. Karatasi ina urefu wa milimita 102. Upana wake unagawanyika sehemu tatu: uso wa mbele milimita 65, mgongo karibu 13, na kipande kifupi cha nyuma kama 16. Ongeza milimita 3 kila upande, kisu kisije kikala picha. Picha iwe na nukta 300 kwa inchi. Ile iliyotumwa kwa WhatsApp imeshakamuliwa, omba faili lenyewe. Panga rangi kwa wino nne za kiwandani, maana bluu inayowaka kwenye skrini hufifia ikifika kwenye karatasi. Makasha nayo hayalingani yote: chapa moja, likunje, lichomeke, ndipo uchape mia.

Programu? CorelDRAW na Photoshop zinajulikana kila kona, lakini Inkscape na GIMP ni za bure kabisa na kazi hii zinaiweza. Sioni sababu ya kupigania hakimiliki ya msanii huku unatumia programu ya kuiba.

Ila mimi nasema kazi kubwa ya mtengeneza kava ni kuuliza maswali. Mteja anakuletea picha na majina ya nyimbo. Muulize: nani katunga? Nani prodyuza? Nani kapiga picha? Imerekodiwa wapi, lini? Upande wa ndani wa karatasi una nafasi kibao, andika yote kwa herufi zinazosomeka. Na mwisho kabisa andika jina lako. Kava nalo ni kazi ya sanaa, siyo zawadi.

Najua kuna atakayesema hili ni jambo la wazungu wenye hela za kuchezea, litapita. Huenda. Mimi mwenyewe sitegemei kuona kaseti zikirudi kwenye daladala. Lakini fasheni ipite au isipite, singeli inaendelea kutoka na hela inaendelea kuzunguka. Leo ni kava la kaseti, kesho ni kipicha kidogo cha kwenye simu. Kama hatujazoea kuandika majina pale penye nafasi, pale pasipo na nafasi tutaandika wapi?

Mnaofanya kazi hizi, semeni hapo chini: mteja akiambiwa ataje wote walioshiriki, anakubali au anakimbia?