Msingoje Nguzo za Inga

Wazee na mama zangu wa Kasongo na Kabambare,

Wiki iliyopita yaya mmoja, kaka yangu mkubwa, alinitumia sauti kwa simu, anacheka. Anasema mambo ya plaki za jua yamekwisha, maana hata Bulaya jua limewaangusha, kwa hiyo afadhali tuendelee kungoja umeme wa mabwawa ya Inga. Nimeisikiliza mara tatu, na kila mara imenichoma zaidi.

Mimi nilikuwepo. Aprili 28, 2025, saa sita na nusu mchana, umeme ulikatika karibu Hispania yote pamoja na Ureno. Megawati 15,000 zilipotea kwa sekunde 5, zaidi ya mara nane ya Inga I na Inga II zikijumlishwa. Hapa Zaragoza jirani yangu mzee alibisha mlangoni kuomba mshumaa, mikono inamtetemeka. Nilimpa, nikamkalisha, nikamwambia giza haliui. Asubuhi yake umeme ulikuwa umerudi karibu kila mahali.

Usiku mmoja tu. Na nyinyi mnawacheka, nyinyi ambao mwuguzi wenu anabana simu kwa meno ili mikono yote miwili ipokee mtoto!

Tena jua halikuwa mshitakiwa peke yake. Mwezi Juni mwaka uleule serikali ya Hispania ilitoa ripoti yake: volteji ilipanda kupita kiasi, na vituo vikubwa vya umeme vilivyolipwa kuituliza havikuituliza inavyotakiwa. Vingine vikajiondoa, kimoja kikavuta kingine, kwa sababu nchi nzima imefungwa kwenye waya mmoja. Kasongo imefungwa kwenye waya gani, hata tuogope kuvutwa? Wazungu wanabishana juu ya jua na upepo wakiwa na gridi. Sisi tumekopa ubishi wao, gridi hatuna.

Yaya, Inga unayoingoja naikumbuka tangu nikiwa kwenye mgongo wa mama. Waya wa Inga–Shaba ulikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980, kilomita 1,700 hivi, ukapita juu ya vijiji vya watu ukaenda moja kwa moja kwenye shaba ya Katanga. Chini yake watu waliendelea kuwasha vibatari. Kituo cha umeme cha Lutshurukuru nacho, kinachopeleka umeme Kindu, kilijengwa kwa ajili ya bati ya Kalima. Umeme wa nchi yetu, Kongo, unafuata madini, haufuati wajawazito. Na bwawa jipya la Inga III? Benki ya Dunia ilijitoa 2016, ikarudi 2025. Mtoto aliyezaliwa ilipojitoa sasa anasoma shule ya msingi, na jioni anafunga daftari jua linapozama.

Waya mrefu hauchelewi kwetu tu: Kenya wenyewe wana upepo mkali wa Ziwa Turkana, mitambo 365. Ilikamilika 2017, ikasimama hadi 2018 kwa kukosa waya wa zaidi ya kilomita 400. Upepo wa namna hiyo sisi hatuna, msitu wetu umetulia. Lakini Kasongo iko nyuzi nne na nusu tu kusini mwa Ikweta, mchana una saa kumi na mbili karibu mwaka mzima. Hapa Zaragoza Desemba jua linaaga saa kumi na moja na nusu jioni, na bado wanalivuna.

Sasa nisikilizeni, maana hili ndilo nililokalia kitako kuandika. Kinachozima taa zetu ni bateri, na bateri inauawa na hesabu. Plaki inaishi miaka 25. Bateri ya risasi ukiinyonya hadi tone la mwisho kila usiku, miaka miwili haifiki.

Mnakumbuka plaki nne na bateri mbili nilizotuma 2019 kwa ajili ya chumba cha kuzalishia. Mwanzoni taa ziliwaka hadi asubuhi, mama mdogo akanipigia akilia kwa furaha. Halafu zikaja simu za mtaa mzima kuchajiwa. Halafu friji ya mtu. Maji ya bateri hayakuongezwa. Pesa za kuchaji ziliingia mifukoni, na bateri zilipokufa mkanipigia: tuma nyingine.

Niligomba sana siku ile. Sikuwaambia kwamba usiku ule sikulala. Nilituma vyombo kama mtu anayelipa deni la kuondoka, nikapiga picha risiti, nikajiona nimemaliza. Sikuuliza hata mara moja nani atanunua bateri ya tatu.

Kwa hiyo naomba sanduku. Sanduku la pesa za bateri, kila mahali penye plaki: zahanati, shule, soko, kinu cha mpunga. Kila anayechaji analipa, hata kama ni franka chache. Analipa shefu, analipa askari, analipa padri na shehe, na kaka yangu analipa mara mbili. Wanawake watatu wa soko washike funguo tatu tofauti, lisifunguke mmoja asipokuwepo. Kila Jumamosi hesabu ibandikwe ukutani kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa. Sheria ya umeme ya 2014 imeshaondoa ukiritimba wa SNEL, shirika la umeme la taifa. Pale Goma, kampuni ya Nuru ilianza kuuza umeme wa jua 2020, megawati 1.3 kwenye mtaa wa Ndosho, na watu wanalipa kwa mita. Ndosho si mbinguni.

Msiniambie watu wetu ni maskini. Mishumaa mnanunua, betri za tochi mnanunua, mazutu ya jenereta mnachanga kila penye harusi. Huko Salamabila vijana wa machimbo wanalipia kuchaji simu kila siku kabla ya kushuka shimoni.

Mimi nimeshatenga euro 200. Sizitumi kwa yaya, na asikasirike. Nitumieni picha ya sanduku lenye kufuli tatu na majina ya hao mama watatu ukutani. Na mama mdogo aniambie chumba kile sasa kinawashwa na nini usiku, maana tangu bateri zife sijathubutu kumwuliza.

Mtoto wenu,
Zaragoza