Mieleka Yetu Inataka Mashindano ya Inchi Nzima

Ndugu wafanyakazi wa migodi, ndugu wakaaji wa Mususa na wa miji yetu miwili, Butembo na Beni!

Tuna neno moja la kusema, na tutalisema wazi. Inchi yetu ina vijana wenye nguvu, lakini njia ya kuwapima haifiki huku kwetu. Mpira una njia yake. Mtoto akicheza vizuri katika kartiye, timu ya mji itamwona. Timu ya mji ikishinda jimboni, itaweza kufika Linafoot, na huko inchi nzima italijua jina lake. Je, mpiga mieleka? Anawaangusha vijana wote wa kilima chake, halafu anarudi kwenye beleshi lake. Hakuna aliyemwandika wala aliyemwita. Sifa yake inabaki midomoni mwa rafiki zake, na siku wakifa, imekwisha.

Wengine watajibu: mieleka ipo, nendeni Kinshasa mkaitazame. Tunajua. Kinshasa kuna mieleka ya maonyesho, ile inayoitwa catch, yenye vinyago, dawa na mazingaombwe, ambayo imempa Edingwe jina kubwa. Watu wanacheka, wanaogopa, wanalipa. Hatumdharau mtu anayetafuta chakula chake. Lakini maonyesho si mashindano. Katika maonyesho, mwenye jina ndiye anayewekwa juu. Katika mashindano ya kweli, kijana asiyejulikana na mtu anatoka Lubero, anamtupa chini mwenye jina, na mwamuzi anainua mkono wake mbele ya wote. Hakuna wa kumwuliza baba yake ni nani.

Tena tumezoea kuletewa michezo mikubwa ya wageni. Tarehe 30 Oktoba 1974, Mobutu aliwapiganisha Muhammad Ali na George Foreman katika uwanja wa 20 Mai, Kinshasa. Kila mmoja aliahidiwa dola milioni 5. Dunia nzima ilitazama. Mwaka 2023, toka 28 Julai mpaka 6 Agosti, Kinshasa ilipokea Michezo ya Francophonie, na majumba mapya ya michezo yakajengwa pale pale kwenye uwanja ule, ambao leo unaitwa Tata Raphaël. Mieleka ilikuwamo, ya namna mbili: ile ya Olimpiki na ile ya Kiafrika. Tulifurahi. Lakini siku kumi za wageni hazikuzi mchezo, kama chini yake hakuna mashindano ya kila mwaka yanayoanzia kwenye komine. Ni kama kuweka mabati juu ya nyumba isiyo na kuta.

Sasa tutazame inchi moja ya Kiafrika iliyojenga kuta kwanza. Niger ni inchi maskini, yenye jangwa na migodi ya urani kule Arlit. Mwaka 1975 ilikuwa imetoka katika ukame na njaa kali. Mwaka ule ule, katika mji wa Tahoua, walianzisha mashindano ya mieleka ya taifa, na zawadi yake kubwa ni upanga. Aliyetawala wakati ule, Seyni Kountché, alikuwa mwanajeshi mwenye mkono mgumu, aliyeshika madaraka kwa nguvu mwaka 1974. Hatumsifu. Yeye amekufa tangu 1987, lakini mashindano yaliendelea, kwa sababu wananchi wenyewe waliyachukua yakawa yao.

Utaratibu wake ni rahisi. Niger ina mikoa 8. Kila mkoa unaleta wapiga mieleka 10. Jumla watu 80. Mashindano hayakai katika mji mkuu, yanahama toka mkoa hadi mkoa. Katika mchanga hakuna ngumi. Atakayeanguka mgongo, au matako, au akagusa chini kwa mikono na magoti, ameshindwa. Wasioshindwa wanabaki wachache, wachache zaidi, mpaka wanabaki wawili. Mshindi anapewa upanga na farasi na fedha, na mkoa wake mzima unasherehekea. Mtoto wa Agadez anamjua bingwa wa Dosso, na wa Dosso anamjua wa Zinder. Kabla ya upanga kila kijiji kilikuwa na mfalme wake wa mieleka. Kwa upanga wamepata mmoja wa inchi, na kila mtoto anajua njia ya kumfikia. Hiyo ndiyo kazi ya mashindano ya taifa.

Ndugu, hesabuni pamoja nasi. Butembo ina komine 4: Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba. Beni ina komine 4: Beu, Bungulu, Mulekera na Ruwenzori. Jumla ni 8, sawasawa na mikoa ya Niger! Kila komine ikileta vijana 10, tutakuwa na watu 80. Kinachotakiwa ni mchanga au unga wa mbao, na miji yetu haikosi mbao. Inatakiwa mizani, mwamuzi na muuguzi. Hatuhitaji dola milioni 5.

Najua mtasema: wakati huu? Watu wa Beni wanachinjwa tangu Oktoba 2014. Mwezi wa tano 2021 wanajeshi walipewa utawala wa jimbo. Januari 2025 Goma ilitekwa na M23. Na ninyi mnasema mieleka! Neno hili ni zito, na hatutalijibu kwa uongo. Mieleka haizuii vita. Mwaka 2016, mwezi wa nne, wapiga mieleka wa Sudani Kusini walikutana Juba katika mashindano ya taifa kwa ajili ya amani. Mwezi wa saba bunduki zililia katika mji ule ule. Basi asije mtu kutuuzia mieleka kama dawa ya vita.

Lakini fikirini jambo hili. Kijana mwenye nguvu na asiye na kazi anatafutwa na watu wawili: mwenye mgodi na mwenye bunduki. Wote wawili wanataka mgongo wake, hawataki jina lake. Mashindano yanataka jina lake. Yanampa sheria, saa ya mazoezi, mwalimu, na mpinzani wa Beni ambaye, wakimaliza, watashikana mikono. Niger haikungoja ishibe ndipo ianze. Sisi nasi tukingoja amani ikamilike, vijana wa leo watakuwa wazee.

Kwa hiyo tunataka mambo manne. Kwanza, uzito upimwe, ili kijana mwembamba wa mgodini asitupwe kwa jitu la kilo 110. Niger hawapimi, na hapo tusiwafuate. Pili, kila pambano liandikwe katika kitabu: jina, komine, tarehe, nani ameshinda. Tatu, mwanasiasa akitoa fedha, ashukuriwe na akae kwenye kiti kama watu wengine. Jina lake lisiandikwe kwenye shati la kijana. Chama chetu pia kifuate sheria hiyo. Nne, federasyo ya mieleka iliyo Kinshasa iwapokee washindi wetu. Majimbo ni 26 tangu 2015. Kila jimbo likileta watu 10, ni watu 260. Na mwaka mmoja wakutane Kisangani, mwingine Kananga, mwingine huku kwetu, njia zikiwa salama. Toka hapa mtu anafika Kinshasa kwa ndege, na bei ya ndege si ya mchimbaji. Mashindano yanayoanza na kuisha Kinshasa si ya inchi nzima, hata yakiitwa hivyo.

Wenye malori, wenye maduka, walimu, wakubwa wa komine: kila mmoja ana kitu cha kuleta. Wafanyakazi wa migodi, andikeni majina ya vijana wenu wenye nguvu kambi kwa kambi. Wa mjini, tafuteni uwanja na mchanga. Haba na haba hujaza kibaba. Mususa ianze, na komine nyingine saba zitaona aibu kubaki nyuma.